Kola ya Waya

Watu wa Misunkumilo, hapa Mpanda mjini, wakitaka kumchokoza fundi Ladislas humpelekea pasi ambayo waya wake umefungwa kwa mpira wa tairi. Hapo utamsikia. Ataishika ile pasi kwa vidole viwili, ataigeuza, ataitazama pale waya unapoingilia, kisha atauliza ni nani aliyefanya ushenzi huu. Mwenye pasi, awe mwalimu au mke wa mchungaji, atapewa somo zima akiwa amesimama juani.

"Umeme hauui katikati ya waya," atasema. "Katikati ya waya umeme ni mpole. Unaua mlangoni, pale waya unapoingia kwenye chombo. Pale ndipo unapopinda, ndipo unapovutwa, ndipo unaposuguliwa na bati. Pale panataka kola."

Kola ni neno lake mwenyewe. Mafundi wa mjini, wale wanaojali, wanaiita glandi. Ni kipete cha plastiki chenye nati yake, kinachokaa kwenye tundu la boksi na kuubana waya shingoni, usivutike wala usikatwe na makali ya bati. Mafundi wengi huku kwetu hawahangaiki nacho. Wanapitisha waya kwenye tundu tupu, wanazungushia kipande cha mpira wa tairi, wanapewa soda, wanaondoka. Ladislas akiona kazi ya namna hiyo kichwa humuuma, na hapa sitii chumvi, humuuma kweli mpaka anameza panadol.

Alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, miaka miwili baada ya wazazi wake kuvuka kutoka Burundi wakiwa na jembe moja na sufuria mbili. Uraia wa Tanzania aliupata akiwa mtu mzima mwenye mke na watoto. Ufundi aliupata mapema zaidi, kwa mzee mmoja wa hukohuko Katumba aliyeitwa Révérien, ambaye mwaka mzima wa kwanza hakumshikisha bisibisi ya maana. Alimpa plagi na jiwe. Unafunga plagi, unaishika juu, unaning'iniza jiwe la kilo mbili kwenye waya wake. Waya ukichomoka, fungua, anza upya. Jiwe lile Ladislas alihama nalo alipokuja mjini, na mpaka leo hakurudishii chombo chako kabla hajalining'iniza. Wateja wanamcheka. "Fundi, nakwenda kunyooshea nguo, siendi kuchotea maji kisimani!" Yeye hacheki. Anahesabu mpaka ishirini, anashusha jiwe, ndipo anakupa pasi yako.

Kwa hiyo tunayemzungumza hapa si fundi wa kubahatisha, na nalisema mapema kwa sababu baadaye maneno yalisemwa mengi na watu ambao hata balbu hawajui kubadili. Wenye mashine za kukoboa mpunga kule Mpimbwe walikuwa wakimwita avuke hifadhi nzima ya wanyama kwenda kuwafungia umeme, ilhali mafundi wapo palepale kwao. Walimwita kwa sababu mashine aliyoifunga Ladislas ilikuwa haimpigi mtu.

Mwezi wa tisa mwaka jana aliitwa na Mabula wa Kasansa. Mabula ni Msukuma, mfugaji aliyehamia huko na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, na safari hii alikuwa amepunguza kundi ili anunue mashine ya kukoboa. Msimamizi wa mashine angekuwa mkewe, Nyamizi, au Mama Malale, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, aliyekuwa ameshawapanga wateja foleni kabla umeme haujafika. Ladislas alifanya kazi siku mbili. Alivuta waya mnene kutoka swichi ya ukutani, akaupitisha chini ndani ya bomba, akauingiza kwenye boksi la vitufe lililofungwa ubavuni mwa mashine. Kitufe cha kijani cha kuwasha, chekundu cha kusimamisha. Kola akaikaza kwa mikono yake miwili. Asubuhi ya siku ya tatu wakawasha, mashine ikazunguka kinyumenyume.

Hilo si kosa. Ni kawaida ya umeme wa njia tatu, unabadilishana nyaya mbili tu na mashine inageuka. Lakini ncha zilikuwa fupi, hazikufikiana, ikabidi aulegeze waya kwenye kola auvutie ndani vidole vitatu. Nati ikatoka yote mkononi, na kipete kikachomoka tunduni. Akaitia mfuko wa shati isije ikapotelea kwenye pumba. Akabadilisha nyaya, Nyamizi akabonyeza kijani, mchele ukamiminika mweupe. Wanawake waliokuwa na magunia wakapiga vigelegele. Mabula akamshika mkono fundi na kumtikisa mpaka bega likauma. Chakula kikaitwa, ugali na maziwa mgando, na huku barabarani dereva wa lori la mpunga, usafiri pekee wa siku ile kwenda Mpanda, akawa anapiga honi kama mwenye ugomvi. Ladislas alifunika boksi, akakaza skrubu nne za mfuniko, akanawa mikono.

Waya ukabaki umelala juu ya ukingo wa tundu, bati tupu, bila kola. Ukitazama kwa mbele huoni kitu. Lazima uiname. Mganga hajigangi, na Ladislas siku ile hakuinama.

Alifika nyumbani saa saba na nusu mchana. Mkewe, Aline, alimvua shati lililojaa vumbi, akalikung'uta kabla ya kulitia kwenye beseni, akapapasa mfukoni.

"Baba Dieudonne, na hii nayo nikufulie?"

Akaiweka nati juu ya stuli, mbele ya sahani ya mumewe.

Ladislas aliitazama. Kwanza hakuelewa, kisha akaelewa yote kwa mpigo. Aliona lile tundu. Aliona mashine ikitetemeka, maana mashine ya kukoboa hutetemeka kutwa nzima, na kila inapotetemeka ule ukingo wa bati unausaga waya, kidogo kidogo, mpaka ganda linakwisha na chuma cha mashine kinashika umeme. Ethi ya kuupeleka ardhini umeme uliopotea ilikuwepo, nondo yake aliichimbia mwenyewe, lakini mwezi wa tisa udongo wa Kasansa umekauka, na ethi kwenye udongo mkavu ni ethi ya jina tu.

"Mana yanje," alisema kwa Kirundi, Mungu wangu, akaikwapua simu.

Mabula hakupatikana. Nyamizi alipokea mara ya pili, na nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma.

"Fundi! Umefika salama?"

"Nyamizi, nisikilize..."

"Inakoboa, fundi! Watu wamejaa mpaka barabarani! Ila ukiigusa inatekenya kidogo. Nikamwambia Baba Malale, labda ndiyo upya wake."

Inatekenya. Walikuwa wamevaa kandambili, wamesimama kwenye pumba kavu, ndiyo maana ilikuwa inawatekenya tu. Siku nyingine, kwa mguu mtupu, isingewatekenya.

"Mashine ina moto!" alipiga kelele, mpaka kuku wakatawanyika uani. "Unanisikia? Mashine ina moto! Zima! Zima haraka!"

"Ina nini?" Mtandao ulikuwa unakatakata.

"Moto! Ina moto! Zima!"

Akamsikia Nyamizi akipiga yowe, "Baba Malale, moto!", kisha simu ikakatika.

Ladislas alikaa chini. Alimshukuru Mungu kwa sauti, na Aline akaitikia amina bila kujua anaitikia nini. Amesikia, alijiambia. Amesikia, atazima. Ndipo akakumbuka kitufe chekundu. Kitufe chekundu kinasimamisha mashine, lakini waya unaoingia kwenye boksi unabaki na umeme wake, na ni huohuo uliolalia bati. Cha kuzimwa ni swichi ya ukutani. Akapiga tena kumwambia ukutani, Nyamizi, ukutani. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga mara ya tatu, ya nne, ya saba. Iliita tu.

Mabasi ya kwenda huko yalikuwa yameondoka tangu asubuhi. Alitoka mbio na fulana, bila shati, mpaka Makanyagio kwa Elia, mwenye bodaboda wanayeimba naye kwaya, baba wa watoto wanne, mtu asiyependa safari za ghafla.

"Kasansa, mzee? Saa hizi? Unajua ni wapi wewe?"

"Mashine niliyoifunga ina moto, Elia. Kuna watu pale. Nakuomba kwa jina la Mungu."

Elia alimtazama usoni, akawasha pikipiki.

Walipita Sitalike, wakaingia hifadhini, miti pande zote mbili na lami inawaka jua. Ladislas alikuwa anasali kwa maneno mafupi yasiyo na mpangilio. Kisha Elia akageuza kichwa kidogo, akauliza kwa sauti ya mtu aliyekuwa akiwafikiria watu asiowajua.

"Mzee, hao watu wa Kasansa maji wanayo karibu?"

"Maji ya nini?"

"Ya kuuzimia huo moto."

Ladislas alimshika Elia mabega kwa nguvu hata pikipiki ikayumba.

Kule Katumba alikokulia, umeme unaitwa moto. Kirundi cha nyumbani kina neno moja tu, umuriro, na neno hilo ni la jikoni na ni la kwenye waya. Moto ukikatika watu wanawasha mishumaa, moto ukirudi wanashangilia. Na mafundi nao, wa kabila lolote, husema waya wa moto, hapa pana moto, usiguse. Maisha yake yote Ladislas hajawahi kulifikiria neno hilo mara mbili. Lakini Nyamizi si wa Katumba wala si fundi. Nyamizi ni Msukuma wa Kasansa, na kwake moto ni ule unaounguza nyasi na kuteketeza maghala. Ukimwambia mama wa Kisukuma mashine ina moto, zima, zima haraka, atauzima kama watu wote duniani wanavyozima moto.

"Simama!" Ladislas alipiga kelele. "Simama nipige simu!"

"Hapa hatusimami, mzee. Jana tembo walikuwa hapahapa. Na mtandao wenyewe haupo."

Kweli haukuwepo. Aliandika ujumbe, upepo ukimpiga machoni: MSIMWAGE MAJI. ZIMENI SWICHI YA UKUTANI. Akabonyeza tuma. Simu ikazunguka, ikazunguka, ikasema imeshindikana. Akabonyeza tena. Kilomita baada ya kilomita alibonyeza tena, mtu mzima wa miaka hamsini, analia juu ya bodaboda mbele ya twiga.

Alijadiliana na Mungu njia nzima. Alimwambia, Bwana, wewe unajua kisima chao kiko mbali. Na hapo moyo wake ulifunguka kidogo, kwa sababu ilikuwa kweli, kisima kiko mbali, mpaka mtu aende na ndoo arudi atakuwa ameona kwamba hakuna kinachowaka. Alilishika wazo hilo. Alilirudia mara tatu. Kisha akaliona pipa la bluu. Lilikuwa limesimama ukutani karibu na mlango wa mashine, limejaa mpaka juu, na ni yeye aliyetaka lijazwe. Alimwagiza Nyamizi awe anamwagia nondo ya ethi ndoo mbili kila jioni, udongo usikauke, ili mashine isije ikampiga mtu. Nyamizi alilijaza siku ileile. Alikuwa mtu wa kufuata maagizo.

Baada ya hapo Ladislas aliacha kusali. Hakuwa na la kuomba ambalo yeye mwenyewe hakuwa amelifungia njia.

Kibaoni mtandao ulirudi. Ujumbe ukaondoka, na kwenye kioo ikaonekana saa yake, saa kumi kasoro dakika tano, zaidi ya saa mbili tangu apige ile kelele. Akapiga kwa Nyamizi, simu ikaita. Akapiga kwa Mabula, nayo safari hii ikaita. Hakuna aliyepokea. Wakaacha lami, wakapita Usevya, wakapita Majimoto, Elia anaendesha kwa namna ambayo mkewe angemkataza, na Ladislas nyuma yake anatazama mbele bila kupepesa. Alikuwa na tumaini moja dogo alilokataa kulitamka, kwamba simu zimeachwa ndani na watu wako nje wanamcheka fundi mwoga.

Walipokaribia, kitu cha kwanza kilikuwa ukimya. Mashine ya kukoboa husikika toka mbali. Kitu cha pili kilikuwa magunia, yamejipanga foleni mlangoni na hayana watu. Pumba zilikuwa zimelowa na kukanyagwakanyagwa. Ndoo moja ilikuwa imelala ubavu. Swichi ya ukutani ilikuwa imeshushwa, na chini yake umeegemezwa mti mrefu wa zizini.

Wanawake walikuwa wamekaa chini nje ya nyumba kubwa, miguu wameinyoosha. Elia alivua kofia yake.

Mabula alikuwa amekaa juu ya gunia peke yake. Alimwona fundi akija, na Ladislas, aliyekuwa amejiandaa kwa fimbo, kwa panga, kwa lolote, aliona kwamba mtu huyu hana hata nguvu ya kusimama.

"Pole na safari," Mabula akasema.

"Mama Malale yuko wapi?"

"Ndani. Tulimpeleka zahanati, tukamrudisha."

Ladislas alipiga magoti kwenye pumba zilizolowa.

"Alikuja mbio, simu mkononi, anasema mashine ina moto," Mabula akaendelea, taratibu, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa kwa mwenye mali. "Mimi nikabonyeza chekundu, ikasimama. Watu wakakimbia nje. Akachota ndoo, akamwaga. Nikamwambia, we mama, mbona moto siuoni? Moshi hakuna. Harufu hakuna. Akaniambia, fundi Ladislas siyo mtu wa maneno ya ovyo. Akisema ina moto, basi ina moto, labda uko ndani kwa ndani. Akamwaga ndoo ya pili. Kandambili zimeshateleza kwenye maji, kazivua. Halafu akaweka mkono hivi, asikie kama imepoa."

Alikiweka kiganja chake hewani, kimelala, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha akakirudisha gotini.

"Nyie mafundi ndiyo mnajua. Mimi nataka nikuulize kitu kimoja tu, fundi. Huo moto ulikuwepo? Ulikuwa ndani?"

Ladislas alikuwa na maneno mengi. Angeweza kumweleza habari za Katumba na lugha ya mama yake, habari za kitufe chekundu na swichi ya ukutani, habari za mtandao. Yote yalikuwa kweli, na alipomtazama Mabula usoni hakuona hata moja ambalo mtu yule angeweza kulitumia.

"Ulikuwa ndani," akasema.

Mabula aliitikia kwa kichwa, mara mbili, tatu. Uso wake ukalegea kidogo.

"Basi mke wangu hakukosea."